Kinachosaidia na Kisichosaidia: Utafiti wa Uganda na Unasihi wa Watoto

Kilima cha Nakasero, katikati ya jiji la Kampala, kina pande mbili zisizofanana. Juu ziko ofisi za serikali, balozi na mashirika, zikiwemo Wizara ya Afya katika Barabara ya Lourdel na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watoto, katika Mtaa wa George; chini, kuelekea katikati ya mji, liko Soko la Nakasero, ambako biashara ya matunda, mboga na kuku huanza alfajiri na ambako vijana wengi hutafuta riziki kabla hawajamaliza shule. Maamuzi kuhusu mafunzo ya wanasihi, miongozo ya tiba na bajeti ya afya ya akili hufanyika juu ya kilima, ilhali watoto wanaoguswa na maamuzi hayo wako bondeni, na wengi zaidi wako mbali kabisa na Kampala, katika vijiji vya Masaka, shule za Luwero na mitaa ya Gulu. Suala linalostahili kuangaliwa kwa makini ni namna maarifa yaliyokusanywa kutoka kwa watoto hao yanavyoweza kurudi kwao yakiwa huduma, kwa sababu mara nyingi yameishia katika majarida ya kitaalamu yanayosomwa ng'ambo.

Unasihi, kwa maana inayotumika hapa, ni mazungumzo ya kitaalamu ambayo kwayo mtu aliyefunzwa humsaidia mwingine kulielewa tatizo lake na kutafuta njia ya kulikabili. Tiba ya kisaikolojia huenda ndani zaidi: ina utaratibu maalumu, vikao vinavyohesabika na lengo la kupunguza maradhi yanayotambulika, kama vile sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha ambayo humnyima mtu usingizi, hamu na nguvu. Uganda ina mizizi mirefu katika kazi hiyo. Noerine Kaleeba na wenzake walipoanzisha TASO, shirika la kuwahudumia walioathiriwa na ukimwi, mwaka 1987, wakati maradhi hayo yalipokuwa yakimaliza familia nzima nzima, waliifundisha nchi kwamba kumsikiliza mgonjwa ni huduma sawa na kumpa dawa, na wanasihi waliopitia mikononi mwao wakawa walimu wa wengine. Hata hivyo unasihi huo ulibuniwa kwa ajili ya watu wazima, na watoto walipoanza kuletwa walihudumiwa kwa mbinu zile zile zilizofupishwa, kwa imani kwamba upole na subira ya mnasihi vingetosha.

Havitoshi. Hakuna jambo ambalo utafiti wa miaka ishirini na ushei nchini Uganda umelionyesha kwa uwazi zaidi ya hilo: huduma mbili zinazotolewa kwa upendo ule ule, na watu wenye moyo ule ule, zinaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa, na mtoa huduma mwenyewe hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho yake.

Msingi wa maarifa hayo uliwekwa mwaka 2002 katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, ambako timu iliyoongozwa na Paul Bolton, ikiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na shirika la World Vision, ilijaribu tiba ya mahusiano katika vikundi. Tiba hiyo, iliyobuniwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman, husimama juu ya wazo kwamba sonona hufungamana na mambo yanayotokea baina ya mtu na watu wake: msiba, ugomvi usiokwisha, au badiliko kubwa la maisha kama vile kuugua, kuolewa au kufukuzwa nyumbani. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wanavijiji matatizo yao ni yapi na wanayaitaje, nao wakataja hali mbili, okwekyawa na okwekubagiza, za mtu kujichukia na mtu kujihurumia, ambazo kwa pamoja zilibeba dalili karibu zote za sonona. Vipimo vilitungwa kutokana na majibu hayo. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vipate tiba na vingine visubiri, na utaratibu huo ndio unaoitwa jaribio la mgawanyo wa nasibu: kwa kuwa hakuna aliyechagua nani apate nini, tofauti inayojitokeza mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa imetokana na tiba.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 na yakawashangaza wengi waliodhani kwamba tiba ya mazungumzo ni anasa ya nchi tajiri. Baada ya wiki 16, waliobaki na sonona katika vijiji vilivyopata tiba walikuwa asilimia 6.5, wakati katika vijiji vilivyosubiri walikuwa asilimia 54.7. Takwimu ya pili inastahili kutazamwa kama ile ya kwanza, kwa sababu mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya washiriki wa vijiji hivyo walikuwa na sonona, maana yake ni kwamba wengi walipata nafuu bila tiba yoyote. Mnasihi asiye na kundi la kulinganisha angeihesabu nafuu hiyo kuwa kazi ya mikono yake, na angeweza kufanya hivyo mwaka hadi mwaka kwa nia safi kabisa.

Utafiti huo ulihusu watu wazima. Swali la watoto liliulizwa kaskazini, mwaka 2005, katika kambi mbili za watu waliokimbia makazi yao karibu na Gulu wakati wa vita vya kundi la waasi la Lord's Resistance Army, na jibu lake ndilo ambalo kila mtu anayefanya kazi na vijana nchini angepaswa kulijua. Vijana 314 wa Kiacholi wenye umri wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata tiba ya mahusiano, likikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. La pili lilipata michezo ya kibunifu, yaani kuchora, kuigiza, nyimbo, michezo ya viungo na mazungumzo ya vikundi. La tatu lilisubiri zamu yake. Kama ilivyokuwa Masaka, vipimo vilitokana na maneno ya wenyeji: two tam, par na kumu, ambayo kwa pamoja yanaeleza mawazo mazito, huzuni na kujitenga, na ma lwor, ambalo ni la hofu.

Wasichana waliopata tiba ya mahusiano walipata nafuu kubwa ya sonona. Wavulana waliopata tiba hiyo hiyo, katika kambi hizo hizo, walionyesha nafuu ndogo ambayo kitakwimu haikuweza kutofautishwa na bahati. Na michezo ya kibunifu, ambayo mashirika mengi ya misaada yalikuwa yakiitoa kwa imani kamili kwamba inaponya majeraha ya vita, haikupunguza sonona kuliko kusubiri tu.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa kwa uangalifu wa pekee. Hayasemi kwamba mtoto asicheze. Mtoto wa kambini ana haki ya kucheza kama mtoto mwingine yeyote, na furaha ya saa moja ina thamani yake. Yanachosema ni kwamba mchezo usihesabiwe kuwa matibabu ya sonona, na kwamba shirika linaloandika katika ripoti yake kwamba watoto mia kadhaa wamepata msaada wa kisaikolojia kwa sababu walikuja kuchora na kucheza mpira linaripoti mahudhurio, haliripoti nafuu. Ni jambo gumu kuliambia shirika lenye watu wema, na pengine ndiyo sababu halisemwi mara kwa mara katika mikutano.

Suala la wavulana ni zito zaidi, nalo bado halijapata jibu la kuridhisha. Maelezo yaliyotolewa na watafiti ni kwamba huenda wavulana hawakuwa tayari kuzungumza hisia zao mbele ya wenzao, jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa katika jamii zetu, ambako mvulana hufundishwa mapema kwamba mwanamume halii, hatashindwa kulielewa. Lakini maelezo yanayoeleweka si sawa na maelezo yaliyothibitishwa. Kituo kinachowahudumia wavulana kwa njia ile ile inayowafaa wasichana, na kisha kuchanganya takwimu zao, kitapata wastani mzuri unaoficha kwamba nusu ya wateja wake hawasaidiki.

Kwa vijana waliobeba silaha njia nyingine ilijaribiwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 na Verena Ertl na wenzake. Waliokuwa wapiganaji watoto 85, wenye umri wa miaka 12 hadi 25, walihusika katika jaribio lililolinganisha tiba ya usimulizi, masomo ya ziada yaliyoambatana na unasihi wa kawaida, na kusubiri. Katika tiba ya usimulizi, kijana husimulia maisha yake yote kwa mfuatano tangu kuzaliwa, akipita kwenye mambo ya kutisha polepole na kwa kina bila kuyaruka, mpaka kumbukumbu iliyokuwa ikimvamia usiku ipate mahali pake katika hadithi ya maisha yenye mwanzo na mwendelezo. Vikao vilikuwa vinane tu, vilifanyika nyumbani kwa vijana, na waliovitoa walikuwa watu wa jamii hiyo waliofunzwa, wasio madaktari. Dalili za kiwewe, yaani athari za kudumu za tukio la kutisha kama vile jinamizi na kushtuka ovyo, zilipungua zaidi kwa waliosimulia kuliko kwa waliopata masomo na unasihi wa kawaida.

Unasihi wa kawaida, kwa maneno mengine, ulishindwa na njia yenye utaratibu. Wanasihi wengi wa Kampala wamefunzwa kwamba mtoto asilazimishwe kugusa yaliyopita, na katika hilo wako sahihi, kwani kulazimisha kunaumiza. Ila kutolazimisha kumegeuka, katika vyumba vingi, kuwa kutouliza kabisa, na mtoto huondoka akiwa amefarijiwa na kitu kile kile kikimsubiri kitandani.

Njia iliyotoka ng'ambo haikuletwa nchini bila kubadilishwa, na mabadiliko hayo yenyewe ni somo. Katika kuirekebisha tiba ya mahusiano kwa ajili ya Masaka, wataalamu waligundua kwamba kipengele cha msiba, ambacho kwa kawaida humtaka mfiwa azungumze mema na mabaya ya marehemu, kiligonga mwiko, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Swali likabadilishwa umbo: mfiwa akaulizwa kama kulikuwa na nyakati ambapo marehemu alimvunja moyo, na kwa mlango huo aliweza kusema alichohitaji kusema bila kumvunjia heshima aliyelala kaburini. Utaratibu wa vikao ulibaki ule ule. Kila wiki kila mwanakikundi huulizwa hali yake tangu walipoachana, dalili zake hupimwa, na kupanda au kushuka kwa dalili hizo huunganishwa na jambo mahususi lililotokea nyumbani au shuleni. Ikiwa msichana anasema alilala vizuri siku mbili, kikundi hutaka kujua siku hizo zilikuwa na nini na ni nani alikuwapo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii kwa matumizi ya nchi zote, ukiwa umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu wa Uganda. Huko Kampala, shirika la StrongMinds lilianza kuitoa kwa wanawake mwaka 2014, kisha likaifikisha kwa vijana.

Tafiti za baadaye zimepunguza shauku ya mwanzo, na hilo ni jema. Jaribio kubwa lililofanywa na Sarah Baird, Berk Özler na wenzao kwa wasichana wa Uganda, kupitia klabu za vijana za shirika la BRAC, lilionyesha manufaa madogo kuliko yaliyotarajiwa, na fedha taslimu zilizotolewa baada ya tiba hazikuongeza nafuu. Matokeo hayo yanapaswa kuwekwa kando ya kazi ya Fred Ssewamala, Mganda anayefundisha Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, ambaye kupitia mradi wa Suubi katika ukanda wa Masaka na Rakai aliwafungulia watoto yatima akaunti za akiba zilizoongezewa fedha na mradi kwa ajili ya shule, na akaona dalili za sonona zikipungua bila tiba ya mazungumzo. Fedha zilizotolewa kwa mkupuo na fedha zinazokua polepole zikiwa na jina la shule juu yake si kitu kimoja machoni pa mtoto. Hiyo ni tafsiri inayoelekea kuwa sahihi, ingawa majaribio hayo mawili yalihusu watoto tofauti kwa namna tofauti na hayawezi kulinganishwa moja kwa moja.

Ssewamala na Mary McKay waliendelea mbele zaidi kwa kuhamisha tiba kutoka kwa mtoto mmoja mmoja kwenda kwa familia. Mpango ulioitwa Amaka Amasanyufu, yaani familia zenye furaha, ulizikutanisha familia kadhaa katika shule za msingi za ukanda wa Masaka kwa vikao 16, ukiwalenga watoto wenye ukaidi na vurugu iliyopita kiasi, na mazungumzo yakahusu kanuni za nyumbani, wajibu, mahusiano, kusemeshana kwa heshima, msongo na msaada wa jamii. Baadhi ya vikundi viliongozwa na wazazi wenzao, vingine na wahudumu wa afya wa vijijini, na watoto walioshiriki walionyesha kupungua kwa tabia hizo. Kwa nchi ambayo wataalamu wake wa magonjwa ya akili ya watoto ni wachache mno, habari kwamba mzazi aliyefunzwa anaweza kuongoza kikundi ina uzito mkubwa kuliko jengo jipya lolote.

Picha inayofanana imeonekana kwa majirani. Katika Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao walijaribu tiba ya fikra na tabia kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wakitumia wanasihi wasio wataalamu. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliotibiwa mjini na vijijini Kenya, na vijijini Tanzania, lakini si Moshi mjini. Mahali pamekuwa sehemu ya jibu.

Lipo pia jambo ambalo utafiti umelifichua bila kukusudia, nalo linagusa moja kwa moja ofisi za Nakasero. Kati ya mwaka 2012 na 2014, Karen Devries na wenzake walichunguza mpango wa shule bora uliobuniwa na shirika la Raising Voices la Kampala, katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, ambako watoto zaidi ya 9 kati ya 10 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa na watumishi wa shule. Mpango huo ulifanikiwa: katika shule zilizoupata, asilimia 31 ya watoto walisema wamepigwa katika wiki iliyotangulia, na katika shule nyingine asilimia 49. Afya ya akili ya watoto, ilipopimwa, haikuwa imebadilika. Kuondoa fimbo ni wajibu, na Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inauthibitisha, lakini kuondoa fimbo si tiba ya yale ambayo fimbo imekwisha kuyafanya.

Mambo yaliyofuata baada ya mahojiano ya uchunguzi huo ni mazito zaidi. Kwa kuwa watoto waliulizwa waziwazi, walisema. Zaidi ya 500 kati ya takribani 3,700 walieleza mambo makubwa kiasi kwamba ilibidi wapelekwe kwa huduma za ulinzi wa mtoto. Wachunguzi walipofuatilia, waliona kwamba chini ya mmoja kati ya ishirini alipata mwitikio uliotosheleza kwa vigezo vya wenyeji wenyewe. Ofisi hazikuwa na usafiri, maofisa walikuwa wachache, au hakuna aliyeona kwamba jambo hilo ni la dharura. Mtoto aliyejipa ujasiri wa kusema na kisha asione lolote likifanyika hupata funzo ambalo mnasihi atakayekuja baadaye atalazimika kulifuta kabla hajaanza kazi yake. Maadili ya utafiti yanamtaka mzazi aridhie na mtoto mwenyewe akubali. Kwa haki, yangetakiwa pia kumtaka mtafiti athibitishe, kabla ya swali la kwanza, kwamba kuna mlango ulio wazi mahali atakapompeleka mtoto huyo.

Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2018 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, na sheria mpya imeelekeza huduma hizo zifike katika vituo vya afya vya kawaida badala ya kutegemea Butabika, hospitali ya rufaa iliyojengwa mwaka 1955. Mwelekeo huo unalingana na ushahidi wote uliotajwa hapa, kwa kuwa katika karibu kila jaribio lililofaulu tiba ilitolewa na watu wa kawaida waliofunzwa vizuri na kusimamiwa kila wiki. Neno la kusisitizwa ni kusimamiwa. Katika majaribio, kila mtoa tiba alikuwa na mtu wa kumrudia na kumweleza kikao kilichomshinda. Mradi unapokwisha, usimamizi huwa wa kwanza kufutwa katika bajeti kwa sababu hauonekani, na kinachobaki ni mwongozo kabatini na mnasihi peke yake, akirejea taratibu kwenye nasaha na mawaidha aliyoyazoea.

Vyuo vinavyofunza wanasihi, na wizara inayoandika miongozo, vinaweza kuanza na jambo dogo lisilosubiri fedha za wafadhili: kila mtoto anayehudumiwa apimwe dalili zake kila wiki kwa maswali machache yaliyotungwa katika Kiganda, Kiacholi au Kiswahili anachokisema, na majibu yake yaandikwe katika daftari kwa namba badala ya jina, pamoja na umri na jinsia yake. Mwisho wa muhula, msimamizi atakayelifungua daftari hilo ataweza kuona ni nani amepata nafuu na katika wiki ya ngapi, ni nani aliacha kuja na baada ya kikao kipi, na kama wavulana wa kituo hicho wanapona au wanahudhuria tu.